Upande wa Ndani wa Turubai

Ilikuwa saa nne na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumatano, nilipoambiwa nirudi nyuma. Nilikuwa nimesimama ndani ya jumba la sanaa za kisasa jijini Nairobi, shavu langu karibu kugusa ukuta, nikijaribu kuchungulia nyuma ya turubai la lori lililokuwa limening'inizwa hapo. Sauti ya msichana ikasema nyuma yangu, bila ukali, "Mzee, kuna mstari hapo chini. Simama nyuma ya mstari."

Nikatazama chini. Kweli palikuwa na mstari mweusi sakafuni, na viatu vyangu vyote viwili vilikuwa vimeuvuka. Nikaomba msamaha, nikarudi. Nimeshika maturubai kwa miaka mingi kuliko umri wa msichana yule, na hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kukatazwa kugusa turubai.

Nyinyi vijana mnaounganisha maturubai ya plastiki kwa bomba la hewa moto pale Malaba mliniuliza kwa nini mtu aliyekwisha kuacha kazi apande basi mpaka Nairobi kutazama turubai kuukuu, na hapa kwetu yamejaa mitaroni. Mlicheka, nami nikacheka, nikawaambia nitawajibu. Hili ndilo jibu. Litapitia kazini kwanza, kwa sababu wengi wenu hamjawahi kushika shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia, na bila kuijua kazi yenyewe hamwezi kujua nilikuwa natafuta nini nyuma ya lile turubai.

Foleni ndiyo ilikuwa shamba letu. Leo lori linavuka mpaka kabla dereva hajamaliza chai, na mzigo mwingi uko ndani ya kontena la chuma ambalo halina cha kushonwa. Zamani malori yalijipanga kutoka mpakani kurudi nyuma kuelekea Amagoro, na dereva aliyekaa siku nzima bila kusogea hupata muda wa kulitazama lori lake. Akilitazama, huona palipochanika. Na mzigo wa kupita nchi haukuruhusiwa kuvuka na turubai lenye tundu. Sili ya forodha, ile lakiri ya kuonyesha mzigo haujafunguliwa, inaweza kuwa salama kabisa kwenye kamba, huku mkono unaingia kwenye tundu na kutoa bidhaa. Kwa hiyo tundu la kiganja kimoja lilitosha kumlaza dereva Malaba. Alikuja kibandani kwetu akiwa amekasirika, na kazi yetu ilikuwa kumvusha.

Aliyenifundisha ni Mzee Ekisa, Mteso wa Adungosi, mtu mfupi aliyekuwa mkali kwa uzi na mpole kwa watu. Yeye hakufundisha kwa maneno mengi. Alikuacha ukosee, kisha akakueleza ulichokosea wakati bado kinakuuma. Kiraka changu cha kwanza nilikishona upande wa nje wa turubai, kona zake zimenyooka kama za mlango. Akakitazama, akasema ni kizuri, akamwambia dereva aende. Lori liliporudi, kiraka kilikuwa kimebaki kwa kona moja tu, kinapepea. Hapo ndipo akanieleza kwamba lori likikimbia, upepo huvimbisha turubai kutoka ndani kwenda nje. Kiraka kilichoshonwa ndani husukumwa na upepo huohuo, kikabanwa. Kilichoshonwa nje hubanduliwa.

"Upepo pia ni fundi," alisema. "Mwachie upande wake."

Fundo nalo hukaa ndani, kwa sababu nyingine. Fundo la nje mwizi hulifungua kwa msumari wakati dereva anakunywa maji. La ndani halifikii mpaka mzigo ushushwe. Na kwa kuwa haliguswi wala halionekani njiani, sisi pale kibandani tulilifanya kuwa jina. Kila mtu alimaliza mshono kwa namna yake. Mzee Ekisa alifunga fundo moja, akalikaza, akaukata uzi kwa meno mpaka usione mwisho wake. Mimi nilifunga mafundo mawili bapa na kuacha mikia miwili yenye urefu sawa. Dereva akirudi na lalamiko, hakuuliza nani alishona. Aligeuza turubai.

Mimi niligeuziwa. Dereva mmoja wa Kampala, Kato, alikuwa na haraka, na mimi nilikuwa mvivu wa kupanda juu kulifungua turubai lote. Nikainua ukingo, nikapenyeza mkono chini, nikashona kwa kupapasa. Shazia likapita kwenye turubai, likapita kwenye gunia la mchele, likarudi. Sikujua. Huko Kampala makuli walipovuta turubai, gunia likapanda nalo na kuwapasukia vichwani. Kato alirudi na kipande cha gunia kilichokatwa pamoja na uzi wangu, akakiweka mbele ya Mzee Ekisa, akauliza kwa upole wa Waganda, "Ssebo, bwana, hili jina ni la nani?"

Mzee Ekisa hakunitazama. Akasema, "Ni la mtu anayeshona mchele."

Niliitwa Fundi wa Mchele barabara yote. Kato ananiita hivyo hadi leo, na ni yeye aliyenitumia picha iliyonipeleka Nairobi.

Nafula, mke wangu, alianza kuja kibandani kuniletea chakula. Alikaa akitazama, kisha siku moja akachukua shazia bila kuomba. Nafula alikuwa wa mashoto, mtu wa kutumia mkono wa kushoto. Niliketi kando yake kumfundisha, na kila nilipomwonyesha, mkono wake ulikwenda upande mwingine. Nikamwambia hii kazi haitamfaa. Mzee Ekisa, ambaye naye alikuwa wa mashoto, akanisukuma kwa goti, akakaa mahali pangu. "Unamfundisha kwa mkono ambao hana," akaniambia. Kufikia jioni Nafula alikuwa ameshona kiraka ambacho mimi nilihitaji miezi kukiweza.

Likumbukeni hilo mkipata mwanafunzi. Mwenye mkono kama wako mweke kando yako. Mwenye mkono tofauti mweke mbele yako, atazame kama anayetazama kioo. Nililijua baadaye, baada ya kufikiri sana, na halikuwa na faida tena.

Mshono wa mkono wa kulia huinamia upande mmoja, wa kushoto huinamia upande wa pili. Kwa nje, basi, ungeweza kuujua mshono wangu. Lakini wa Nafula na wa Mzee Ekisa ilifanana, kwa sababu mkono ni uleule na mafunzo ni yaleyale. Ungewatofautisha kwa fundo tu. Nafula alizungusha uzi mara tatu, akalikaza fundo, kisha akaacha mkia mrefu kama kidole. Uliniudhi ule mkia. Uzi wa nailoni tuliununua kwa fedha, tukaupaka nta ya nyuki kwa mkono, na yeye anauacha uning'inie ndani ya lori. Nilimwambia mara nyingi kwamba mikia kumi ni mshono mzima.

"Baba Nekesa," alinijibu siku moja, maana binti yetu ni Nekesa, "wewe unataka uzi urudi nyumbani kulala na wewe?"

Madereva waliokuwa wanangoja walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Tangu hapo niliuacha mkia wake.

Jambo jingine ambalo hamlijui siku hizi ni aproni. Ukishona turubai, kazi yote iko mapajani, na shazia likiteleza haliulizi. Mimi nilishona aproni yangu kwa turubai zito la pamba, lile la kijani, tabaka mbili. Nililinunua kwa shilingi mia nne na hamsini, nikaweka mfuko mmoja mwembamba wa chaki upande wa kulia, mishono yake midogo na iliyonyooka. Ilikuwa kifaa changu bora. Usiku ilining'inia kwenye msumari wake, na asubuhi niliivaa kabla ya kusalimia mtu.

Siku moja nilikwenda Busia kununua turubai la viraka na uzi, kwa sababu vilikuwa vimetuishia. Niliporudi jioni msumari ulikuwa mtupu. Niliuliza kila mtu. Nilimuuliza muuza chai, nikawauliza mautingo wa malori yaliyobaki, nikatazama chini ya mabenchi. Mzee Ekisa alikuwa ameinamia kazi yake, anakohoa. Nafula alikuwa anapanga vyombo. Nilimuuliza yeye mwisho.

"Labda imepanda lori," alisema, "imeenda Kigali."

Nilimwambia huu si wakati wa mzaha. Mimi ni mtu wa mpango, na kitu kikipotea bila sababu hakiniachi nilale. Niliizungumzia aproni ile mwaka huo, na mwaka uliofuata, na mingine. Lori lolote lililotoka Rwanda likisimama mbele ya kibanda, Nafula aliniuliza, uso umetulia kabisa, "Umewauliza kama imerudi?" Na Mzee Ekisa akakohoa.

Mzee Ekisa alitangulia. Kibanda kikabaki chetu wawili, kisha foleni ikaanza kupungua, kisha ikaja plastiki na bomba la hewa moto, na vidole vyangu vikaanza kukataa kukunja. Nafula alishona mpaka turubai la mwisho. Miaka mitatu iliyopita moyo wake ulichoka, tukamzika huko Matayos.

Nawaeleza yaliyofuata kwa sababu yatawapata nyinyi pia, na ni vizuri mjue mapema. Mtu akifa, vitu vyake hugawanywa, na ni haki. Dada zake walichukua nguo, shangazi akachukua vyombo. Nilibaki na picha mbili, moja amefumba macho. Shazia lake ninalo, lakini shazia halitunzi mkono wa mtu. Lake na langu yamelala kwenye kopo moja, na siwezi kuapa lipi ni lipi. Mshona nguo akifa, mtaa mzima unatembea na kazi yake. Seremala akifa, watu wanaendelea kuketi. Kazi yote ya Nafula iliondoka kwa barabara. Niligundua kwamba katika mji ambao alishona karibu kila siku, hapakuwa na mshono wake hata mmoja ambao ningeweza kuuwekea kidole.

Nikaanza kutafuta. Hilo sikuwaambia pale tulipocheka. Maturubai yaliyochoka huishia kufunika makaa, mahindi, matofali. Nilipita masoko nikiyageuza. Mama mmoja wa Amagoro alinitazama nikiinama, akaniuliza, "Mzee, unatafuta nini chini ya mahindi yangu?" Nikamwambia fundo. Akamwambia jirani yake aniangalie vizuri. Nilipata mafundo yangu mengi kuliko nilivyotaka. Nilipata ya Mzee Ekisa, nikayasalimu. La Nafula sikupata. Jioni nilirudi kwenye nyumba, nikapika ugali wa mtu mmoja, ambao hadi leo sijajua kipimo chake. Nekesa ameolewa Mumias, hunipigia simu Jumapili na kuniuliza kama nimekula.

Ndipo Kato akanitumia picha. Kampuni yake ilimuuzia msanii mmoja maturubai ya zamani, na siku ya ufunguzi wa maonyesho yake Nairobi madereva walialikwa kunywa soda. Kato alizunguka, akaona kiraka kimoja, akakipiga picha. Aliandika, "Fundi wa Mchele, tazama mishono hii inavyolala. Huyu si mama?" Nikavaa miwani. Mishono ilikuwa imeinamia upande wa mashoto. Chini yake Kato aliongeza kwamba Ijumaa maturubai yangeteremshwa na kupelekwa ng'ambo.

Nilipiga hesabu kama ninavyopiga siku zote. Ni watu wawili tu kibandani kwetu waliokuwa na mkono ule, na Mzee Ekisa alishona miaka mingi kabla Nafula hajagusa uzi. Uwezekano mkubwa ulikuwa kwamba kiraka ni cha Mzee. Nikalijua hilo, na bado nikakata tiketi ya basi.

Sasa mnaelewa kwa nini nilivuka mstari. Turubai lilikuwa limetundikwa vizuri, siwezi kulitolea kasoro. Msanii alilitundika kwa macho ya chuma ya turubai lenyewe, yale matundu ya kupitishia kamba, kila jicho na kamba yake, likining'inia kutoka karibu na dari hadi magotini. Rangi yake, baada ya jua lote lile, ilikuwa imegeuka kuwa ya kijani na kijivu na nyingine ambayo sina jina lake. Nilikubali kwamba ni zuri. Miaka yote sikuwahi kulitazama turubai bila kutafuta tundu. Lakini, kama ambavyo mtu yeyote angefanya, alikuwa ameuelekeza upande wa nje kwa watu. Upande wa ndani uliutazama ukuta.

Nilisimama nyuma ya mstari. Kiraka kilionekana karibu na ukingo kama kivuli cha mraba, kimezungukwa na mishono iliyoinama. Mshono ulianza chini, ukapanda, ukazunguka, ukaisha kwenye kona ya kulia. Nyuma ya kona ile palikuwa na jina, hatua chache kutoka machoni pangu.

Nilihitaji kukaa. Palikuwa na benchi la mbao katikati ya chumba, lakini katika chumba nilichopita kwanza kulikuwa na kitanda ambacho watu walikizunguka bila kukilalia, kwa hiyo nilimuuliza yule msichana kama benchi ni la kutazamwa.

"Hiyo ni ya kukalia, mzee," akasema. Beji yake ilimtaja kuwa Muthoni. Alikuwa na sare nyeusi na viatu vya mtu anayesimama kutwa nzima. "Wengi wanauliza. Kaa tu."

Nikakaa. Chumba kilikuwa na ukimya ambao nimeuzoea. Hakukuwa na mtu mwingine ila sisi wawili, kisha akaja kijana na mchumba wake, wakaniomba niwapige picha mbele ya turubai. Walisimama wamekumbatiana mbele ya kiraka kabisa. Nikawaambia wasogee kushoto kidogo. Wakasogea. Nikawaambia tena kidogo. Yule dada akacheka, akasema, "Mzee huyu ni fundi wa picha." Nilipiga, kiraka kikaonekana chote kando ya bega lake. Wakashukuru, wakaenda kwenye chumba kingine, na nikawasikia wakicheka huko kwa muda mrefu.

Muthoni alikuwa amenitazama. Akaja akasimama karibu.

"Mzee, wewe ni wa familia ya msanii?"

"Hapana."

"Basi unatafuta nini huko nyuma?"

"Mke wangu," nilisema. Nikaona halikutoka sawa, nikalirekebisha. "Kazi ya mke wangu. Nafikiri ni yeye aliyekishona hicho kiraka. Ila fundo liko ndani."

Nikamweleza kama nilivyowaeleza nyinyi, kwa ufupi zaidi. Alisikiliza huku akitazama mlango, kwa sababu alikuwa kazini. Aliniuliza kama mama bado anashona. Nikamwambia hapana, na nadhani alielewa, maana hakuuliza tena. Akasema angeniruhusu, lakini kamera iko juu, na mgeni haruhusiwi kugusa kitu hata kama alikitengeneza mwenyewe. Nikamwambia sheria ni sheria. Nimefanya kazi mpakani. Sikutaka mtu apoteze kazi kwa ajili ya fundo, nikamwambia hivyo, na nilimaanisha.

Akaitazama kamera ile. Kisha akasema, "Lakini kutoa vumbi ni kazi yangu. Huwa natoa Ijumaa." Akalitazama turubai. "Na hata leo liko na vumbi."

Alitoka, akarudi na glavu nyeupe na brashi ndogo. Akafagia ukingo wa juu aliofikia, akafagia wa pembeni, taratibu, kama mtu asiye na jambo jingine. Alipofika kwenye kona ile akavuta ukingo kidogo kutoka ukutani, akaingiza simu yake kwa mkono mwingine, akapiga. Picha ya kwanza ilikuwa nyeusi tupu. Ya pili ilionyesha kidole cha glavu. Nikauliza kuhusu mwanga. Akasema flashi hairuhusiwi, inaharibu rangi. Nililifikiria jua la Mombasa hadi Kigali.

"Tochi si flashi," alisema mwenyewe. Nikawasha tochi ya simu yangu, nikasimama nyuma ya mstari wangu, nikaielekeza kwenye ufa kati ya turubai na ukuta. Yeye akapenyeza mkono zaidi, akapiga mara kadhaa bila kutazama.

Tukakaa kwenye benchi. Miwani ilikuwa na ukungu, nikaifuta. Akaikuza picha kwa vidole viwili, akanipa simu.

Fundo lilikuwa pale. Uzi umezungushwa mara tatu, na mkia mrefu kama kidole unaning'inia, umejikunja mwishoni kwa sababu ya vumbi la miaka mingi. Nilihesabu mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kisha nikarudia, kwa sababu mtu huona anachotaka kuona.

"Ni yeye?" Muthoni aliuliza.

"Ni yeye."

"Na hii ni nini? Mbona kiraka kina mfuko?"

Sikuwa nimeutazama. Nilikuwa kwenye fundo. Nikaisogeza picha kwa kidole. Kiraka kilikuwa cha turubai zito la pamba, la kijani, tabaka mbili. Kando yake, umeshonewa kichwa chini, palikuwa na mfuko mwembamba wa chaki wenye mishono midogo, iliyonyooka, ya mkono wa kulia.

Nilicheka. Nilicheka kwa sauti mpaka mlinzi wa chumba cha pili akatoa kichwa. Sijui ni lini nilicheka hivyo mara ya mwisho. Muthoni aliniwekea mkono begani, akidhani nalia, na huenda hakukosea sana. Nilipoweza kusema nilimweleza juu ya aproni. Siku ile nilipokuwa Busia alikuja dereva, turubai limepasuka, na kibandani hakuna kipande kimoja cha kiraka. Mimi nilikuwa nimeweka sharti kwamba kiraka lazima kiwe cha uzito sawa na turubai. Nafula alitafuta kitu cha uzito sawa, akakiona kwenye msumari. Alilifuata sharti langu lote. Hata mfuko hakuufumua, dereva alikuwa na haraka.

"Na hakukwambia?"

"Aliniambia," nilisema. "Aliniambia siku ileile. Alisema imepanda lori, imeenda Kigali."

Muthoni akacheka hadi akaziba mdomo kwa glavu. Alisema angemwambia mkubwa wake aandike jina la mama kwenye kile kibao kidogo kando ya turubai. Akaniuliza linaandikwaje, nikamtajia herufi moja moja, akaliandika kwa kalamu kwenye kiganja. Akanitumia picha. Kisha wageni wakaingia, akasimama, akaenda kuwaonyesha mstari.

Nilikaa kwenye benchi mpaka wakafunga. Najua kwa nini hakusema waziwazi. Ningemhubiria juu ya vifaa, ningezungumza mwezi mzima, na lori lilikuwa limekwisha kuvuka. Badala yake alijipatia mchezo wa miaka mingi, na Mzee Ekisa akakohoa ili asicheke. Wote wawili walijua. Nilikuwa nimekaa katikati yao nikiuliza. Jambo lililonilemea pale kwenye benchi, vijana, ni kwamba hatimaye nimeuelewa mzaha, na waliokuwa nao wameondoka. Nekesa nilimpigia, akacheka vizuri, lakini yeye aproni hakuwahi kuiona. Kato alituma zile nyuso ndogo za kucheka za kwenye simu, nyingi. Nilirudi Malaba kwa basi la usiku, na jioni ya kesho yake nikapika ugali, ukazidi tena.

Ijumaa ile nilikuwa nimekaa nje ya nyumba, nikitazama malori yakipita bila kusimama, na nikajua kwamba saa hizo turubai linateremshwa na kukunjwa, mkia wa uzi ndani, na aproni yangu inapanda gari tena kwenda mbali kuliko Kigali.

Katika kazi yangu nilipata hasara nyingi, na zote naweza kuwaeleza zilivyotokea. Uzi ulioliwa na panya, turubai la mteja nililoliunguza kwa jiko, mchele wa Kampala. Moja tu haikuwa na maelezo, nikaibeba hivyo miaka yote. Sasa inayo. Ni shilingi mia nne na hamsini.